Je, Wajua Unywele wa Kioo Unaobeba Intaneti?

Chukua kipande cha kioo cha dirisha, ukitazame kwa ubavu. Utaona ukijani. Rangi hiyo ni ya chembe za chuma zilizokuwamo katika mchanga uliotengenezea kioo, nazo hula mwanga. Ukirundika vioo vya aina hiyo mpaka vifikie unene wa mita kadhaa, mwanga mwingi utapotelea humo.

Ndiyo maana katika miaka ya 1960 wengi waliona kupitisha simu ndani ya kioo ni ndoto. Mwaka 1966 Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, na mwenzake George Hockham, walionyesha kwamba kosa si la kioo bali la uchafu uliomo. Lengo lilikuwa angalau asilimia 1 ya mwanga isalie baada ya kilomita 1. Mwaka 1970 Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz wa kampuni ya Corning, Marekani, walilivuka lengo hilo. Kao alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009.

Uzi wa kioo wa leo hubakiza asilimia 1 hiyo hiyo baada ya kilomita 100. Kwangu mimi, hakuna sehemu ya intaneti inayostahili heshima kuliko usafi huu wa kioo. Bila huo, leza na kompyuta zote zisingetufikisha mbali.

Uzi wenyewe una tabaka mbili za kioo. Katikati kuna kiini, ambacho katika nyuzi za masafa marefu kina kipenyo cha takriban maikromita 9. Milimita 1 ina maikromita 1,000. Kukizunguka kuna koti linalofanya kipenyo kiwe maikromita 125, kama unywele mnene. Kioo cha koti hupinda mwanga kidogo kuliko cha kiini. Basi mwanga ukiligonga kwa mshazari mkali haupenyi. Unarudishwa ndani, tena na tena, hata uzi ukipinda taratibu. Leza huwaka na kufifia mara mabilioni kwa sekunde, na kila badiliko ni kijisehemu cha herufi, sauti au picha ya mtu fulani iliyo njiani.

Hadi katikati ya mwaka 2009, pwani yetu ya Afrika Mashariki ilitegemea, kwa intaneti, setilaiti zilizo umbali wa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Swali kupanda na kushuka, kisha jibu kupanda na kushuka, kulichukua karibu nusu sekunde. Julai mwaka huo mkongo wa SEACOM, yaani kebo ya nyuzi hizi ipitayo chini ya bahari, ulianza kazi Mombasa na Dar es Salaam. TEAMS ulifika Mombasa kutoka Fujairah mwaka huo huo, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Wakenya husema faiba, Watanzania husema mkongo. Kitu ni kimoja. Mei 2024 EASSy na SEACOM ilipokatika kwa pamoja, nchi zetu zikahisi jinsi zinavyoning'inia kwenye nyuzi hizo.

Anayetaka kujifunza mitandao hii asianze na vifupisho vya wahandisi. Aanze na maji, kama mwanafizikia Daniel Colladon alivyoonyesha Geneva mwaka 1841. Toboa tundu dogo karibu na kitako cha chupa ya plastiki isiyo na rangi, uijaze maji, uzime taa. Mulika tochi kutoka upande wa pili, ikilenga tundu, kisha kinga kiganja pale maji yanapoangukia. Mwanga utakuwa umepinda pamoja na maji mpaka mkononi mwako. Ukishaelewa hapo, umeelewa mkongo.

Ila ukiwakuta mafundi mtaani wakiunga nyuzi, usichungulie ncha ya uzi. Mwanga wake macho hayauoni, lakini unaweza kuyaumiza.