Hesabu ya Nyumbani: Mtoto Apewe Kitabu Gani?

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Aghalabu usemi huo huambiwa mwenye duka, lakini leo twauelekeza kwa mzazi aliyeazimia kumsomesha mwanawe nyumbani.

Wazazi wa namna hiyo wako miongoni mwetu. Wako wamtoao mtoto shuleni mwaka mmoja au miwili ili ahifadhi Kurani, na wako wenye sababu nyingine. Kurani ina mwalimu wake, na lugha mtoto huisikia asubuhi na jioni. Hesabu ndiyo huachwa nyuma. Akirudi darasani hajui kugawanya, miaka ile huwa deni shingoni mwake, na deni hilo halilipwi kwa siku moja.

Kabla ya kitabu, kuna sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yamtaka kila mzazi ahakikishe kwamba mtoto wake ahudhuria shule au taasisi nyingine iliyoidhinishwa. Basi mwenye nia hii na aonane kwanza na afisa wa elimu wa eneo lake, na papo hapo aulize mtoto atafanyia wapi mitihani ya kitaifa. Asingoje mpaka mwaka wa mtihani ufike.

Sasa tuje kwenye kitabu. Njia ni nyingi, lakini tutazame tatu.

Ya kwanza ni mtaala wa serikali. Katika shule za msingi, mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 umekwisha; mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa 2023. Mahali pake pana mtaala wa umilisi, uliotayarishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya. Fadhila yake kubwa ni kwamba mtoto atakayerudi shuleni atawakuta wenzake palepale alipo yeye.

Ya pili ni njia ya Singapore. Serikali ya nchi hiyo ilianza kutoa vitabu vyake vya hesabu za msingi 1982, na katika upimaji wa kimataifa wa 1995 watoto wake walikuwa miongoni mwa waliofanya vyema zaidi. Baadaye wazazi wa Marekani wanaosomesha nyumbani wakavinunua kwa wingi. Siri yake ni utaratibu: mtoto hushika kitu kwanza, kisha huchora picha, na mwisho ndipo huandika nambari.

Ya tatu ni ya John Saxon, mwanajeshi mstaafu wa jeshi la anga la Marekani aliyefundisha aljebra katika jimbo la Oklahoma, akafariki 1996. Yeye alilikata kila somo vipande vidogo vidogo, na zoezi la kila siku likachanganya la leo na la jana na la mwezi uliopita, ili mtoto asisahau. Aliyesoma chuoni ataitambua njia hii mara moja, kwani ndiyo muraja'a wetu. Anayehifadhi juzuu mpya haiachi ya zamani.

Ipi bora? Jibu halimo katika jalada la kitabu wala katika bei yake. Jiulize mambo matatu. Mtoto atarudi wapi? Kama ni shule ya hapa nchini, mtaala wa serikali uwe ndio nguzo, na vingine viwe visaidizi. Yuko wapi sasa? Umri si kipimo; mpe maswali ya darasa la chini yake, na pale atakapoanza kukwama ndipo pa kuanzia. Tatu, nani ataketi naye? Kitabu cha Singapore chahitaji mtu mzima aliyejifunza ile michoro kwanza, na mama mwenye watoto wanne na biashara ya mahamri alfajiri huenda asiipate nafasi hiyo. Kwake kitabu kinachojieleza chenyewe ni afadhali.

Lakini lipo la nne, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Sisi tuliolelewa chuoni twajua thamani ya kuhifadhi. Mtoto huanza kuyabeba maneno kifuani, na tafsiri humjia baadaye. Kwa Kitabu cha Mwenyezi Mungu hiyo ndiyo heshima yake. Tukiichukua njia hiyo peke yake tukaitia katika hesabu, twamdhulumu mtoto. Jedwali la kuzidisha na alihifadhi, naam, lakini ajue pia kwa nini.

Tuchukue mfano wa mirathi. Mtu amefariki, ameacha mke mmoja, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Wazazi wake walitangulia mbele ya haki. Baada ya mazishi, madeni na wasia, zimebaki shilingi 400,000. Mwambie mtoto achore mstatili mrefu aukate vipande 8 vilivyo sawa. Kimoja, yaani thumni, ni cha mke: shilingi 50,000. Zimebaki 350,000. Kila mwana wa kiume ana mafungu mawili na binti fungu moja, jumla mafungu 5, kila fungu shilingi 70,000. Binti ana 70,000 na kila ndugu yake 140,000. Ayajumlishe yote, aone kama yarejea 400,000.

Kisha mgeuzie. Mwambie marehemu hakuacha fedha, ameacha minazi 40. Mke apate 5, kila mwana wa kiume 14, binti 7. Sasa muulize: kwa nini minazi 40 yagawanyika bila kubaki mnazi, na minazi 30 haigawanyiki? Aliyehifadhi kanuni tu atanyamaza. Aliyefahamu atakwambia kwamba vipande 8 vya kwanza mara mafungu 5 ya watoto ni 40. Kitabu kitakachomfikisha mtoto kwenye jibu hilo ndicho cha kununua, kiwe cha Nairobi au cha ng'ambo.

Wala hatuingizi jambo geni. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu chake Baghdad yapata mwaka 820, zama za Khalifa al-Ma'mun, na neno aljebra latokana na jina la kitabu hicho. Sehemu yake kubwa ni masuala ya wasia na mirathi. Lugha yetu nayo imebeba nusu, robo, thuluthi, sudusi na thumni, na pishi ya nafaka ina vibaba vinne. Mtoto wa pwani huyakuta maneno haya nyumbani kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza.

Basi mzazi, kila Ijumaa baada ya sala mwite mwanao, umpe hesabu moja aliyokwisha kuipata wiki ile, umwambie akusomeshe wewe kama kwamba huijui. Akiweza, endeleeni mbele. Akishindwa, rudini nyuma kurasa chache bila fimbo wala matusi. Siku moja ndugu zake watakaa kugawana urithi, na katika kikao hicho lazima awepo mtu ambaye hawezi kudanganywa.