MLANGO MMOJA, GHARAMA NGAPI?

Ndugu wasikilizaji, pita mtaa wowote wa Kariakoo utakuta nyumba ya zamani ambayo chumba chake cha mbele, kilichokuwa cha kulala, sasa ni fremu ya duka. Ukuta umetobolewa, mlango umewekwa, vitenge vinaning'inia. Mwenye nyumba hana kosa kutafuta riziki, maana kodi ya fremu si sawa na kodi ya chumba. Swali letu wiki hii ni moja: kuutoboa ukuta upate mlango ni shilingi ngapi?

Ukimwuliza fundi, ataugonga ukuta mara mbili, atakuna kichwa, kisha atakutajia bei ya siku mbili za nyundo na tindo. Bei hiyo ni ya kubomoa tu, na kubomoa ndiyo kazi rahisi.

Tupige hesabu. Mlango wa futi 3 kwa 7 katika ukuta wa inchi 6 hutoa kifusi cha kilo 600 hivi, sawa na mifuko 12 ya saruji. Kifusi hicho lazima kilipiwe usafiri. Ongeza fremu ya mlango, lipu na rangi. Bado ni gharama ndogo.

Gharama yenyewe iko juu ya mlango. Ukuta ni mchukuzi. Kila mita moja ya mraba ya sakafu ya zege yenye unene wa inchi 6 ina uzito wa kilo 360 hivi, kabla hujaweka kitanda wala robota la mitumba. Ukitoboa, mzigo huo lazima upite pembeni mwa tundu, na anayeupitisha ni linta: zege lenye nondo, lililoegemea ukuta kila upande kwa inchi 6 au zaidi.

Utaratibu ni huu. Kwanza mzigo wa juu unaegemezwa kwa mirunda. Pili inachimbwa nafasi ya linta, inafungwa nondo, inamwagwa zege. Tatu unasubiri, kwani zege hufikia nguvu iliyokusudiwa kwa siku 28 hivi. Tofali za chini hutolewa mwisho. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Mpangaji wa fremu ameshika fedha mkononi, naye mwenye nyumba haoni sababu ya kupoteza kodi ya mwezi mzima. Basi ukuta unatobolewa leo, ubao unapachikwa juu, na duka linafunguliwa Jumamosi.

Iko njia ya nafuu. Kama dirisha lina linta yake nzuri, kuliteremsha hadi chini bila kuongeza upana ni rahisi kuliko kutoboa mahali papya. Lakini katika ghorofa usibahatishe. Uko ukuta wa kujaza tu kati ya nguzo, na uko uliobeba nyumba nzima; kwa kuugonga hutaujua. Mwite mhandisi aliyesajiliwa, na upate kibali cha halmashauri.

Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka hapo hapo Kariakoo, kwenye makutano ya mitaa ya Mchikichi na Kongo. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Sisemi ni mlango uliolibomoa. Nasema tuliona wote jinsi jengo linavyowaangukia watu ambao hawakuulizwa: wachuuzi, wateja, wapangaji.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tunaufunika kwa lipu, na ukuta tunautoboa. Ukitajiwa bei ya mlango, ndugu yangu, uliza kwanza: je, linta imo? Mirunda imo? Na siku 28 je? Kama havimo, bei hiyo haijakamilika, na salio lake huenda likalipwa na mama anayelala chumba cha juu.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.