Kuhifadhi na Kuweka Akiba: Istilahi za Nakala ya Pili ya Data

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zinazostahili kutazamwa upya ni zile zinazotaja nakala ya pili ya data, yaani ile itunzwayo kando ili ya kwanza ikipotea kazi isisimame. Majina yanayotumika ni kadhaa. Nakala rudufu hueleza wingi tu, haielezi kusudi. Chelezo, kwa wavuvi, ni kitu kieleacho majini. Hifadhi ndilo lenye utata zaidi, na tunaona kwamba limechangia uzembe.

Mtu amalizapo kuandika hesabu katika kompyuta huambiwa ahifadhi. Akishahifadhi, huamini kwamba kazi imekwisha. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga mjini Ifakara, aliyeweka madeni ya wakulima katika simu moja, ataamini vivyo hivyo mpaka simu iibwe au mto Lumemo ufurike. Neno likiwa moja, tofauti ya vitendo viwili haionekani.

Sababu nyingine pia zipo. Kwanza, kunakili hakuleti faida ya leo. Huzuia hasara ya kesho, ambayo bado haijaonekana. Pili, diski na vifurushi vya intaneti vina gharama. Tatu, katika ofisi nyingi kazi hii haina mwenyewe. Kila mmoja hudhani mwenzake ameifanya.

Uzito wa jambo hili huonekana wazi papo hapo Ifakara. Mwaka 1996 watafiti wa afya walianza kuandikisha vizazi, vifo na uhamaji, kaya kwa kaya, katika vijiji vya Kilombero na Ulanga. Takwimu za namna hiyo zikipotea, hakuna awezaye kurudi katika mwaka ule akaulize upya.

Kwa hiyo tunapendekeza nakala ya akiba. Mkulima wa bonde la Kilombero hali mpunga wote, hutenga mbegu. Tena anajua kwamba mbegu iliyo ghala moja na chakula huungua pamoja nacho. Kadhalika, nakala iliyo ndani ya kompyuta ileile si akiba. Wala kulandanisha simu na kompyuta si kuweka akiba, maana kinachofutwa huku hufutika na kule. Kitendo cha kuitumia akiba hiyo tukiite kurejesha, nacho kijaribiwe mapema, kwani nakala isiyofunguka haimfai mtu.

Wasomaji wenye neno lifaalo zaidi tunawaomba watuletee, pamoja na hoja zao.