Ziwa Edouard: Ndege na samaki wanavyolilisha ziwa

Huko Vitshumbi, eneo la Rutshuru, mitumbwi inaporudi kutoka ziwa Edouard, marabu na pelikani huwa tayari wanangoja ufukoni. Samaki wanapopasuliwa, ndege hao hula matumbo na mabaki mengine kabla hayajaoza, na hivyo kusafisha ufuko bila malipo.

Kazi yao haiishii hapo. Pelikani na mnandi hula samaki ziwani, na mavi yao yakianguka majini huwa mbolea, sawa na mavi ya viboko. Mbolea hiyo huotesha mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho, ambayo ikiwa mingi hufanya maji yawe ya kijani.

Tilapia hula mimea hiyo na kuigeuza kuwa nyama inayouzwa hadi Goma na Butembo. Tilapia jike hubeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, na watoto hurudi humo wakiona hatari. Akinaswa wakati huo, watoto wote wanapotea pamoja naye.

Upande wa Kongo, ziwa hili limo ndani ya mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na kuvua kwenye mazalio ya samaki kumekatazwa. Hata hivyo, nyavu za matundu madogo bado zinatumiwa, na samaki wanavuliwa kabla ya kuzaa hata mara moja.

Samaki wakiisha, ndege wataruka kwenda ziwa lingine. Mvuvi na familia yake watabaki Vitshumbi.