Sampuli za Virusi na Haki ya Chanjo
Mwaka 2007 Indonesia, iliyokuwa ikipoteza watu kwa homa ya mafua ya ndege, ilikataa kuendelea kupeleka sampuli za virusi vya H5N1 kwenye maabara za Shirika la Afya Duniani, ikilalamika kwamba kampuni za nchi tajiri huzitumia kutengeneza chanjo ambazo wananchi wake hawamudu kuzinunua. Madai hayo yalikuwa ya haki, ingawa kuzuia sampuli kuliwanyima wanasayansi nafasi ya kufuatilia mabadiliko ya virusi.

Kufuatia mvutano huo, Mei 2011 nchi wanachama wa Shirika hilo ziliridhia utaratibu mpya ambao mtengenezaji wa chanjo anayepokea sampuli hutia saini mkataba na kuchagua ahadi zisizopungua mbili, mojawapo ikiwa kulipatia Shirika bure angalau asilimia 10 ya chanjo zake wakati wa mlipuko. Utaratibu huo unahusu mafua pekee. Kwa hiyo UVIKO-19 ulipozuka, haukuweza kutumika.