Kifungo cha Sare Hakioshwi kwa Ndimu

“Nimekisafisha kwa ndimu na majivu, sasa kinang'aa. Ni cha vita vya Witu?” Swali hili hunijia kutoka visiwa vya Lamu, huko Pate, Siyu, Faza na Kizingitini, na karibu kila mara kifungo kinapofika mezani kwangu kimeshapoteza nusu ya jibu. Kabla ya mwaka, kabla ya bei, nauliza: nani aliwaambia mkioshe?

Imani ya ndimu na ukwaju imetoka jikoni, na huko ina haki yake. Sinia ni bamba nene la shaba. Lisugue miaka hamsini, litabaki shaba. Kifungo cha ofisa wa Kiingereza ni kitu kingine kabisa. Ni mabamba mawili membamba yaliyobanwa pembezoni, nyuma kitanzi cha waya, mbele utando wa dhahabu mwembamba kuliko unywele. Kikilala mchangani karibu na bahari, chumvi hupenya kwenye mikwaruzo, shaba iliyo chini hugeuka kutu ya kijani, na baada ya miaka mingi dhahabu inakuwa imeshikiliwa na kutu hiyo hiyo. Asidi ya ndimu huyeyusha kutu. Kutu ikiondoka, dhahabu haina pa kushika, inabanduka vipande vipande na kumwagwa pamoja na maji ya bakuli. Kinachong'aa jioni hiyo ni shaba tupu, na wenye nyumba wanafurahi kwamba dhahabu imetokeza, kumbe ndiyo imetupwa.

Haishii hapo. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na asidi huanza na zinki. Kifungo kilicholazwa ndani ya ukwaju usiku kucha hutoka na mabaka ya waridi. Chumvi nayo haijatoka. Imo ndani ya vitundu, inangoja unyevu, na unyevu wa visiwa hivi haukawii. Baada ya wiki chache unga wa kijani hurudi, mkali kuliko mwanzo. Anayeniambia “cha jirani kilitoka kizuri” akakitazame tena leo. Na anayedai kwamba kilichotoa ukijani ni bandia kwa kuwa dhahabu haishiki kutu, ajue kuwa ukijani huo ni wa shaba ya chini, na kifungo halisi kilichozikwa kinatarajiwa kuwa nao.

Majivu na mchanga ndiyo hasara ninayoshindwa kuivumilia. Mgongoni mwa kifungo, kuzunguka kitanzi, kuna herufi zilizopigwa kwa kina kidogo sana: jina la mtengenezaji, mji, pengine mtaa. Hapo ndipo tarehe ilipo. Jina peke yake halitoshi, maana Firmin wa London wametengeneza vifungo tangu karne ya 17. Lakini anwani zilibadilika, na neno “Ltd” likiwepo, kifungo ni cha nusu ya pili ya karne ya 19 au baadaye. Maneno kama “Treble Gilt” au “Rich Gold” yanasifu upakaji. Hayasemi kwamba kifungo ni dhahabu. Sugua dakika mbili kwa mchanga na herufi hizo zimekwenda, hazirudi kwa mashine yoyote.

Mbele, tazama taji. Likiwa na matao yaliyotuna juu kama mabega, ni la wafalme, kati ya 1901 na 1952, au tangu 2022. Matao yakibonyea katikati, ni Victoria au Elizabeth wa Pili, na hapo wengi hukosea miaka hamsini au zaidi kwa kutogeuza kifungo. Kikiwa chepesi mno, cha alumini, ni cha miaka ya 1950 au baadaye. Nambari ya kikosi cha miguu ni ya kabla ya 1881, mwaka ambao vikosi hivyo viliacha nambari na kuchukua majina. Nanga yenye taji juu yake ni ya jeshi la majini, kuanzia 1812.

Sasa Witu. Naelewa kwa nini kila kifungo hupelekwa huko: waliotawala Witu walikuwa Wanabahani waliotoka Pate, na Oktoba 1890 Admirali Fremantle wa Uingereza aliteremsha majeshi Kipini akaenda kuuchoma mji wa Fumo Bakari, sultani wa Witu. Ni historia ya nyumbani na uchungu wake haujaisha. Lakini baharia wa kawaida wa wakati ule alivaa blauzi isiyo na vifungo vya dhahabu. Vilikuwa vya maofisa, wachache. Tena manowari za Uingereza zilipita bahari hii miaka mingi kabla ya hapo, na makoti ya kijeshi yaliyochakaa yaliuzwa Afrika Mashariki karne ya 19 kama bidhaa nyingine yoyote. Kifungo kinaonyesha mwaka ambao hakikuwa kimetengenezwa kabla yake. Nani alikiangusha Pate, na lini, ni habari ya mahali kilipookotwa, na mahali hapo ndipo msipopaandika.

La kufanya ni fupi. Usikioshe. Kiache kikauke kivulini, ondoa mchanga kwa brashi laini, na palipogandamana tumia kijiti cha mti, si sindano. Piga picha mbele na nyuma, mwanga ukitoka ubavuni. Andika mahali, kina na vilivyokuwa jirani: vigae, shanga, sarafu. Kitie ndani ya kikopo pamoja na kile kifuko cha kunyonya unyevu kinachokuja na viatu vipya. Usichimbe kutafuta cha pili. Magofu ya Pate na Shanga hayachimbwi bila kibali.

Na usikiuze. Sheria ya Kenya ya makumbusho na urithi, ya 2006, inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 kuwa ni cha kale, na kifungo cha Witu, kama kweli ni cha Witu, kimo ndani ya mpaka huo. Kipelekeni Makumbusho ya Lamu pamoja na maelezo ya mahali kilipookotwa.