Kikwapa Hupimwa Kwapani

Jasho linapotoka mwilini halinuki, na hapo ndipo hoja yote ya dawa za kikwapa inapoanzia. Tezi maalumu za kwapani, zinazoamka mtu anapobalehe, hutoa ute kidogo wenye molekuli zisizo na harufu. Bakteria waishio kwenye ngozi huzila molekuli hizo, na mabaki ya mlo wao ndiyo yanayonuka. Wahusika wakuu wanajulikana: jamii ya Corynebacterium, ambao huacha asidi zenye harufu inayokumbusha beberu, na Staphylococcus hominis, ambao huacha kemikali ya salfa yenye harufu ya kitunguu kilichooza, ambayo pua huitambua hata ikiwa chembe tu. Kwa hiyo dawa inaweza kuzuia jasho, kupunguza bakteria, au kuinasa harufu kabla haijaruka hewani. Chumvi za alumini zimebobea katika kazi ya kwanza. Shabu inayosuguliwa kwapani katika nyumba nyingi nayo ni ya ukoo huohuo. Zinki haizibi jasho. Inaahidi kazi ya pili na ya tatu, na ninachosisitiza ni kwamba ahadi hiyo haithibitishwi na jina lililoandikwa kwenye kopo wala na kisahani cha maabara, ila na kwapa lenyewe.

Jina peke yake halitoshi kwa sababu zinki si kitu kimoja. Mum, iliyoanza kuuzwa Philadelphia mwaka 1888 na inayohesabiwa kuwa dawa ya kwanza ya kikwapa kuuzwa madukani, ilitegemea mchanganyiko wa zinki. Oksidi ya zinki ni ule unga mweupe uliomo kwenye kalamini na kwenye krimu za vipele vya nepi, na kazi yake ni kuwabana bakteria na kupunguza makali ya asidi. Risinoleti ya zinki ni kitu kingine kabisa: hutengenezwa kutokana na mafuta ya nyonyo, na sifa yake ni kuzishika molekuli zinazonuka huku bakteria wakiachwa waendelee na maisha yao. Halafu ipo pirithioni ya zinki, iliyozoeleka kwenye shampuu za mba, ambayo Umoja wa Ulaya uliiondoa katika vipodozi mwaka 2022 baada ya kuwekwa katika kundi la kemikali zinazohofiwa kudhuru uzazi. Anayesema tu kwamba bidhaa yake "ina zinki" hajasema jambo ambalo mnunuzi anaweza kulitumia.

Kisahani nacho kinadanganya kwa njia yake. Ni rahisi kuotesha bakteria, kuwamwagia zinki na kupiga picha ya sehemu waliyokufa. Lakini oksidi ya zinki karibu haiyeyuki katika maji, ilhali katika asidi huyeyuka vizuri, na ni zinki iliyoyeyuka inayowafikia bakteria. Kwapani kuna jasho, mafuta ya ngozi, chumvi na msuguano wa nguo, na asidi ya hapo ni hafifu kuliko ya ngozi ya mkono. Hakuna kisahani kinachoiga yote hayo. Zaidi ya hapo, kimeng'enya ambacho Corynebacterium hutumia kuziachia asidi zake chenyewe kinahitaji zinki ili kifanye kazi. Mtu angeweza kukaa mezani na kuhitimisha, kwa mantiki safi kabisa, kwamba kupaka zinki ni kuwalisha maadui. Mantiki nyingine, safi vilevile, inasema zinki ikizidi huwavuruga. Kwa kalamu peke yake hatutoki hapo.

Tunatoka kwa jaribio kama lile lililofanyika Denmark kwa watu 30 wenye afya. Kila mmoja alipakwa krimu ya oksidi ya zinki kwapa moja na krimu tupu kwapa la pili kwa siku 13, bila mshiriki wala mtafiti kujua ipi ni ipi. Upande wa zinki, bakteria wa makundi yale mawili walipungua na harufu pia ikapungua. Nguvu ya mpango huu ni kwamba mtu analinganishwa na nafsi yake: chakula ni kilekile, joto ni lilelile, homoni ni zilezile. Mimi nauamini kuliko maelfu ya shuhuda za wateja waliofurahi.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba pua si kipimo cha sayansi na kwamba kazi hiyo ipewe mashine. Mashine huhesabu molekuli vizuri, lakini haiwezi kusema ni ipi inayokera, na kikwapa ni kero kabla hakijawa kemia. Dawa ya tatizo la pua ni pua nyingi zilizofunzwa, zisizojua kwapa lipi lilipakwa nini. Ndivyo miongozo ya kupima harufu ya kwapa inavyoelekeza. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba Denmark si Mombasa. Hilo nalikubali. Joto na unyevu wa pwani huongeza jasho, na jasho huosha krimu. Urithi nao una sehemu yake: watu wengi wa Asia ya Mashariki wana umbo la jeni ya ABCC11 linalowafanya wasitoe harufu hiyo karibu kabisa, kwa hiyo bidhaa iliyopimwa kwao haitufundishi chochote. Watu 30 ni mwanzo tu, na kazi inayofuata ni kulirudia jaribio hilo katika joto letu.

Hadi hapo, ukinunua dawa ya zinki, soma ni zinki ipi. Kisha ipake kwapa moja tu kwa wiki mbili, jingine lioshwe kwa sabuni peke yake, na umwombe mtu wa nyumbani anuse yote mawili bila kuambiwa lipi lilipakwa.